Serikali zisiwanyamazie wanawake waliofungwa kwa kudai haki

Kudhaa ni kisiwa kidogo, na maji ya kunywa hutekwa visimani. Mwenye kuzuia kisima Kudhaa amezuia nyumba zote. Tulipokuwa huko katika kazi yetu ya uhusiano baina ya jeshi na raia, mama mmoja mtu mzima alifika kambini akataka kuonana na mkubwa. Alipoingizwa aliketi mkekani, akakataa chai, akaomba vijana wenye bunduki watoke nje kwanza. Kisha akanena kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha yapanga maneno yake njiani.

"Mwanangu, mimi si mwizi wala si mpelelezi. Hii ni mara ya nne naja hapa. Vijana wenu huoga kisimani tangu alasiri hata maghribi, na binti zetu wameshindwa kuteka maji. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi kesho. Mara ya pili niliambiwa nilete mwanamume anisemee. Mara ya tatu huyu wa langoni alinambia nikirudi tena nitatiwa ndani."

Tulimwita mlinzi wa zamu. Hakukana. Alisema tu, "Afande, alikuwa akileta fujo mbele ya lango." Saa za kuoga zilibadilishwa siku ile ile na shauri la kisima likaisha. Lakini jibu la kijana yule halikututoka moyoni. Hakuwa askari mbaya. Lindo lake alilijua na silaha yake aliitunza. Alikuwa ameshika tu mafundisho ambayo hakuna aliyemfundisha kwa kinywa, kwamba mwanamke mwenye malalamiko ni fujo, na fujo dawa yake ni kufungiwa.

Ndugu askari na polisi, twaandika leo juu ya wanawake walio magerezani katika nchi mbalimbali kwa sababu ya kutetea haki za wanawake wenzao, na twaandika kuziomba serikali, kwanza ya kwetu, zidai waachiwe. Huenda mkauliza, jambo hili latuhusu nini sisi wenye sare? Latuhusu kuliko linavyowahusu watu wengine wote. Hakuna mwanamke anayefika gerezani pasipo kupita mikononi mwa mtu mwenye sare. Njia ya kwenda jela huanzia pale alipokuwa amesimama yule mlinzi wa Kudhaa.

Na sisi wa pwani hii tumeiona njia hiyo mpaka mwisho wake. Mwezi wa Agosti 2008 mji wa Kismayo uliangukia mikononi mwa Al-Shabaab. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo huo, msichana wa miaka 13 aliuawa mjini humo kwa kupigwa mawe katika kiwanja cha michezo, mbele ya umati wa watu. Kosa lake lilikuwa nini? Kwa maelezo ya jamaa zake, alikuwa amenajisiwa na wanaume watatu, akaenda kwa hao waliojiita watawala kushitaki. Aliyekwenda kushitaki ndiye aliyeshitakiwa, kwa jina la zinaa, na ndiye aliyehukumiwa. Hakuna balozi aliyepata nafasi ya kusema neno, kwa maana habari zake ziliifikia dunia akiwa amekwisha zikwa.

Ingekuwa rahisi kwetu kuishia hapo, tukawatupia maadui lawama zote, kisha tukalala usingizi. Haki haituruhusu. Mwezi wa Januari 2013 Mogadishu ilikuwa mikononi mwa Serikali, na katiba mpya ilikuwa imepitishwa miezi mitano tu nyuma. Mwanamke mmoja alisema kwamba amenajisiwa na watu waliovaa sare za vyombo vya usalama. Polisi walimkamata yeye. Wakamkamata pia mwandishi wa habari Abdiaziz Abdinur Ibrahim aliyekuwa amemhoji, ingawa hakuwa amechapisha hata neno moja la mahojiano yale. Tarehe 5 Februari mahakama iliwahukumu kila mmoja kifungo cha mwaka mmoja, na mama huyo akaruhusiwa kuchelewesha kifungo chake kwa sababu ana mtoto mchanga wa kunyonyesha. Waliotajwa kuwa wamevaa sare hawakuwa kizimbani.

Lakini safari hii dunia ilikuwa inatazama. Umoja wa Mataifa ulisema hadharani kwamba hukumu ile haifai, na serikali kadhaa marafiki zikasema hivyo hivyo. Tarehe 3 Machi mahakama ya rufani ilimfutia mwanamke yule hatia. Tarehe 17 Machi Mahakama Kuu ya juu kabisa ikamwachia mwandishi. Wako wenzetu waliokasirika wakati ule, wakisema kwamba wageni wametuaibisha. Sisi twaona kinyume chake. Aibu ilikuwa imekwisha kufanyika siku ya kukamata. Hao waliosema walitusaidia kuifupisha. Zipimeni habari hizi mbili, ya Kismayo na ya Mogadishu. Katika zote mbili mwanamke alileta shitaka akageuzwa mshitakiwa. Katika moja palikuwa na sauti kutoka nje na mahakama iliyoweza kuisikia. Katika nyingine havikuwapo.

Basi mtetezi wa haki za wanawake ni nani hasa? Kwa maoni yetu, ni yule anayekwenda langoni kwa niaba ya mwenzake. Mama wa Kudhaa hakuwa na binti wa kuteka maji; tuliambiwa baadaye kwamba wanawe wote ni wanaume na wako Mombasa. Alikuja kwa ajili ya mabinti wa watu. Wanaofungwa leo ni watu wa namna hiyo, ila wao wamesoma sheria, au wana kalamu, au wana chama kilichoandikishwa.

Chukueni mfano wa Burundi, nchi ambayo wanajeshi wake walianza kuja kwetu Desemba 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na wengi wao wakamwaga damu yao katika ardhi yetu. Twawaheshimu kama ndugu wa silaha, na kwa heshima hiyo twasema. Mwezi wa Februari 2023 watetezi watano wa haki za binadamu walikamatwa Burundi, wanne kati yao wakiwa katika uwanja wa ndege wa Bujumbura tayari kusafiri kwenda Uganda mkutanoni. Miongoni mwa hao watano walikuwamo Sonia Ndikumasabo na Marie Emerusabe, viongozi wa chama cha wanawake wanasheria wa Burundi, chama ambacho kazi yake ni kuwasimamia wanawake mahakamani. Walishitakiwa kwa kuhatarisha usalama wa nchi. Sisi tulio katika kazi ya usalama twajua usalama wa nchi unavyohatarishwa. Tumeokota vipande vya magari yaliyolipuliwa, na tumewabeba wenzetu. Mwanasheria mwenye tiketi ya ndege na makaratasi ya mkutano si kitu hicho. Mashirika ya haki yalipiga kelele, na mwishoni mwa Aprili 2023 wote watano walitoka gerezani, wanawake wakiwa wameonekana hawana hatia.

Uganda nayo ilikuwa na shauri la Dkt. Stella Nyanzi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Serikali ilikuwa imeahidi taulo za hedhi kwa wasichana wa shule, kisha ikasema fedha hakuna. Mama huyo akaanza kuchangisha watu ili zinunuliwe, na huku akimwandikia Rais maneno makali. Aprili 2017 alikamatwa akawekwa katika gereza la Luzira zaidi ya mwezi mmoja. Baadaye aliandika shairi juu ya Rais na mama yake Rais, na Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo, akiwa amekwisha itumikia karibu yote. Tukiri wazi kwamba lugha yake hatuipendi, na hatungependa watoto wetu waisome. Lakini tusi halipimwi kwa miezi 18 ya jela, na wasichana wale walihitaji taulo hata kama aliyewasemea hakuwa na adabu.

Tukivuka bahari, mambo ni mazito zaidi. Saudi Arabia iliwakamata wanawake kadhaa Mei 2018, wiki chache tu kabla ya kuwaruhusu wanawake kuendesha magari, nao ndio hasa waliokuwa wakiidai ruhusa hiyo. Mmoja wao, Loujain al-Hathloul, alikaa gerezani siku 1,001 hata 10 Februari 2021, na alipotoka akakatazwa kusafiri nje ya nchi. Januari 2024 Manahel al-Otaibi alihukumiwa miaka 11 kwa mambo aliyoandika juu ya haki za wanawake na kwa mavazi yake. Huko Iran, Narges Mohammadi alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2023 akiwa ndani ya gereza la Evin, na watoto wake ndio waliokwenda Oslo kuipokea. Desemba 2024 alitolewa kwa muda kwa ajili ya matibabu. Desemba 2025 akakamatwa tena katika mji wa Mashhad.

Hapo ndipo wakubwa wengi husita. Watasema, hayo ni mambo ya ndani ya nchi za watu, na sisi hatuingilii. Ni neno zuri, na lina mahali pake, hasa kwa nchi kama yetu iliyoingiliwa na kila mtu. Lakini Afrika ilipokuwa inapigana na ubaguzi wa rangi haikulitumia. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria kupinga pasi. Winnie Mandela alikamatwa Mei 1969 akazuiliwa siku 491, nyingi kati ya hizo akiwa peke yake katika chumba. Makaburu walisema hayo ni mambo ya ndani. Serikali za Kiafrika zilijibu kwamba hakuna mambo ya ndani katika kumfunga mama kwa sababu ya kudai haki yake, zikalisema hilo katika kila mkutano, mwaka baada ya mwaka, mpaka walimwengu wakachoka kutoisikia. Twashangaa basi leo, tunapoambiwa kwamba ulimi ule ule umekatwa.

Wengine watasema kwamba haki za wanawake ni desturi ya wageni iliyoletwa kuharibu dini yetu. Hawa tungependa kuwakumbusha habari ambayo kila mtoto aliyepita madrasa ameisikia. Khawla binti Tha'laba alionewa na mumewe kwa desturi ya kijahilia, iliyomwacha mke si mke na wala si mtalaka. Hakunyamaza. Alikwenda kwa Mtume kushitaki, na alipojibiwa kwamba hapajashuka hukumu juu ya jambo lake, alishikilia shitaka lake na kujadiliana. Sura nzima ya Kurani, ya 58, imepewa jina lake kwa majadiliano yake, na desturi ile ikabatilishwa. Na imepokewa kwamba miaka mingi baadaye Umar bin Khattab, akiwa Khalifa, alisimamishwa njiani na bibi huyo huyo, naye akasimama akamsikiliza muda mrefu huku watu wakingoja. Umar alikuwa amiri jeshi. Hakumwambia arudi kesho, wala hakumwambia alete mwanamume wa kumsemea.

Pingamizi la tatu ndilo tunaloliogopa, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Nchi maskini itasemaje na nchi inayonunua mifugo yake na kuwapokea mahujaji wake? Watoto wetu wapo kule wanatafuta riziki. Hatusemi kwamba balozi wetu asimame sokoni Riyadh akipiga baragumu. Kuna kazi ya serikali inayofanywa kwa sauti ndogo. Balozi anaweza kuomba ruhusa ya kuhudhuria kesi. Waziri anaweza kubeba majina matatu katika mfuko wa koti na kuyataja mwishoni mwa mazungumzo ya mifugo, tena na tena, kila anapokutana na mwenzake. Mwenye kumzuia mfungwa hupiga hesabu ya gharama, na gharama hupanda kila jina linapotajwa na mtu ambaye hakutarajiwa kulitaja. Marekani na Ulaya wakisema, hujibiwa kwamba wana ajenda yao. Taifa la Kiislamu la Afrika likisema, jibu hilo halipatikani.

Wala tusijidanganye kwamba kila shinikizo huzaa matunda yote. Loujain al-Hathloul alitoka gerezani lakini mipaka ikafungwa mbele yake. Narges Mohammadi alitolewa akarudishwa. Hata nusu ya uhuru ni kitu kwa aliye nayo, na anayedai huendelea kudai nusu iliyobaki.

Na nafasi ipo. Somalia ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Desemba 2023 na ikawa mwanachama kamili tarehe 4 Machi 2024. Mkataba wa Jumuiya hiyo unataja haki za binadamu na usawa wa jinsia kuwa misingi yake. Kwa hiyo tukiiuliza Bujumbura au Kampala juu ya mwanamke aliyefungwa, twauliza ndani ya nyumba moja, kwa lugha moja. Tena Juni 2024 mataifa yaliichagua nchi yetu kuketi katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa miaka ya 2025 na 2026. Nchi iliyozoea kujadiliwa katika chumba kile imepewa kiti na kura.

Lakini anayenena nje hutazamwa nyumbani kwake, na hapa twarudi kwenu ndugu askari na polisi. Hadi mwaka 2024 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa chache duniani ambazo hazijaridhia Mkataba wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Hilo ni la wabunge na mawaziri, nasi twawaachia, tukiwaomba wasilisahau. La kwetu ni lango.

Majirani zetu wa Kenya wana somo ambalo polisi wao wazee bado wanalikumbuka. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, waliketi katika Uhuru Park, Nairobi, wakakataa kula mpaka wana wao waachiwe. Tarehe 3 Machi polisi waliamriwa kuwaondoa kwa virungu na mabomu ya machozi. Wangari Maathai alipigwa hata akazimia. Na akina mama wazee wakavua nguo zao mbele ya polisi wale. Anayejua mila za Kiafrika anajua maana yake. Ni laana ya mama kwa mwana aliyemwinulia mkono. Mama wale walihamia kanisani wakaendelea kukaa kwa miezi, na kufikia mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiwa. Wakubwa waliotoa amri ya tarehe 3 Machi hawakuwapo bustanini. Aliyeona mama wa umri wa mama yake akiwa hivyo alikuwa konstebo. Miaka 32 baadaye, tarehe 10 Desemba 2024, wanawake waliandamana Nairobi kupinga mauaji ya wanawake, na mabomu ya machozi yakarushwa tena.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba amri halali hutiiwa na amri ya uhalifu hukataliwa. Tuliyaandika hayo katika daftari tukayapasi katika mtihani. Hatukufundishwa amri iliyo katikati, ile ndogo isiyo na karatasi: mwondoe huyo mwanamke. Wengi wenu mtaipokea hiyo mara nyingi kuliko amri ya kufyatua risasi. Muulizeni kwanza amekuja kusema nini. Mkiambiwa mkamateni, ulizeni kosa limeandikwa wapi, na jina lake liandikwe katika kitabu cha zamu pamoja na saa na jina la aliyeamuru, ili jamaa yake au wakili wake akija alikute. Polisi aliyeandika jina amemwokoa mtu mara nyingi kuliko anavyojua.

Kwa Serikali yetu, ombi letu ni la kiaskari, fupi. Wizara ya Mambo ya Nje iandike orodha ya wanawake walio gerezani kwa kutetea haki za wanawake, ianze na nchi za Jumuiya yetu, kisha nchi za ng'ambo tunazofanya nazo biashara. Iipitie kila mwezi, kwa kuwa wako wanaoachiwa na wako wanaorudishwa. Kila balozi apewe majina yanayomhusu na atakiwe kutoa taarifa ya alilolifanya, kama sisi tunavyotoa taarifa ya doria. Na mjumbe wetu New York ayataje majina hayo kabla ya siku ya mwisho ya kiti chetu, tarehe 31 Desemba 2026.